Jumla imegeuka deni: kwa nini long long haikuokoa hesabu ya kahawa

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Mbale, Uganda. Niko mwaka wa kwanza chuoni, najifunza lugha ya programu ya C. Mjomba wangu ni mweka hazina wa chama cha wakulima wa kahawa huku kwetu, akaniomba nimwandikie programu ndogo ya kupiga hesabu ya msimu: kilo mara bei. Kwa kilo chache ilikwenda sawa. Nilipojaribu kilo 250,000 kwa shilingi 10,000 nikapata -1794967296. Nikasoma mahali kwamba int, aina ya kawaida ya namba kamili, ni ndogo, nikabadilisha jumla iwe long long, aina pana zaidi. Jibu likabaki lile lile! Rafiki yangu akaniambia nigeuze vyote kuwa float, aina ya namba za desimali. Hasi imeondoka kweli, lakini sasa nikiongeza malipo madogo madogo mengine hayaonekani kabisa kwenye jumla. Kwenye lugha ya Python sikuyaona mambo haya. Nitumie aina ipi, na kwa nini C inanitesa hivi?

Jibu: Ndugu yangu wa Mbale, umekosea mahali ambapo hata wenye miaka kumi kazini hukosea, basi usione haya. Bila shaka mstari wako ulikuwa hivi:

    int kilo = 250000;
    int bei = 10000;
    long long jumla = kilo * bei;

Wewe uliusoma kuanzia kushoto: kuna long long, nafasi ni kubwa, shida imekwisha. Kompaila, yaani programu inayotafsiri C kuwa amri za mashine, haisomi hivyo. Inaanza na upande wa kulia, na inapoangalia pale inaona int mara int. Kanuni ya C ni kwamba int ikizidishwa kwa int, jibu nalo ni int, hata kama upande wa kushoto kuna chombo cha ukubwa gani. Hesabu inafanywa ndani ya biti 32 (nafasi 32 za sifuri au moja), inafurika, na tunda lililoharibika ndilo linalohamishiwa kwenye long long. Umenunua sahani kubwa, lakini uji ulishamwagika jikoni.

Dawa ni kupanua kimoja kati ya viwili kabla ya kuzidisha:

    long long jumla = (long long)kilo * bei;

Kimoja kinatosha, kwa sababu C ikikuta aina mbili za ukubwa tofauti humpandisha mdogo afikie mkubwa. Lakini angalia mabano yako. Ukiandika `(long long)(kilo * bei)` umerudi pale pale: umepanua jibu baada ya kuharibika. Mimi nisingetumia hata dawa hiyo. Ningetangaza kilo na bei zenyewe kuwa pana tangu mwanzo, kwa sababu kesho utaandika mstari mwingine wa kuzidisha na utasahau.

Sasa, kwa nini -1794967296 hasa? Namba hiyo haikutoka hewani. int kwenye kompyuta yako ina biti 32. Biti 31 za chini zina uzito wa kawaida: 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Biti ya juu kabisa ndiyo yenye ajabu, kwa kuwa uzito wake ni hasi: -2,147,483,648. Ndiyo maana namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye int ni 2,147,483,647, biti ya juu ikiwa sifuri na zilizobaki zote zikiwa moja. Bilioni 2 na nusu inavuka hapo, hivyo biti ya juu inawaka. Baada ya kuitoa 2,147,483,648, kinachobaki ni 352,516,352. Kama biti hizo zingesomwa bila alama ya hasi ungepata 2,500,000,000 yako safi. Lakini umesema int, kwa hiyo biti ya juu inahesabiwa kama deni: -2,147,483,648 jumlisha 352,516,352. Piga kwa kalamu uone. Biti ni zile zile, tofauti ni namna ulivyoagiza zisomwe.

Ndiyo maana pia ilikwenda sawa kwa kilo chache. Kwa bei ya 10,000, programu yako ilikuwa salama hadi kilo 214,748. Kilo moja zaidi, na chama kizima kinaonekana kinadaiwa. Sisi Waganda twafika hapo upesi kuliko watu wengi, maana shilingi yetu ina sifuri nyingi. Mwanafunzi wa nchi yenye fedha nzito anaweza kuandika programu za mauzo miaka mitatu bila kuona bilioni mbili. Kwetu, duka la jumla la Kikuubo, Kampala, linaifikia bila kelele. Mifano mingi ya mafunzo huko kwenye mtandao imeandikwa kwa watu ambao soda yao inauzwa moja na nusu, kwa hiyo usiinakili bila kuipima.

Jambo moja la kukutisha kidogo. Kufurika kwa namba yenye alama, kwa mujibu wa kiwango rasmi cha C, ni tendo lisilofafanuliwa. Maana yake ni kwamba kompaila haina wajibu wa kukupa -1794967296 wala kitu kingine chochote. Ina ruhusa ya kudhani kwamba kufurika hakutokei kamwe. Nimewahi kuona watu wanaandika ukaguzi wa namna ya `if (a + b < a)` ili kugundua kufurika, halafu kompaila ikiwashwa kuharakisha programu inaufuta ukaguzi wote, kwa hoja kwamba ikiwa b si hasi, jambo hilo haliwezekani. Kagua kabla ya kuhesabu, usikague baada yake.

Ukitumia kompaila ya gcc au clang, jenga programu yako ya majaribio hivi:

    gcc -Wall -Wextra -fsanitize=undefined kahawa.c -o kahawa

Hiyo `-fsanitize=undefined` itakuonyesha, programu ikiwa inaendeshwa, mstari gani umefurika na ni namba zipi zilizozidishwa. Ungekuwa nayo siku ile usingeniandikia.

Kuhusu kuteswa. C ni lugha inayotafsiriwa mapema. Kabla programu haijaanza kwenda, kompaila lazima iwe imekwisha kuamua kila kigeu kitapewa baiti (biti nane nane) ngapi za kumbukumbu na prosesa ipewe amri gani: kuzidisha namba kamili kuna amri yake, kuzidisha desimali kuna yake. Uamuzi huo hauwezi kusubiri mjomba aingize kilo. Aina ndiyo taarifa unayoipa kompaila ili iamue. Python inafanya uamuzi huo wakati programu inakwenda, na namba zake kamili hukua kadiri zinavyohitaji nafasi. Ndiyo sababu hukuona hasi. Lakini raha hiyo inalipiwa: kwenye Python ya kawaida ya biti 64, namba 1 peke yake inakula baiti 28, wakati int ya C inakula 4. Kwa rejista ya wakulima mia tatu hilo si neno. Kwa kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa udongo shambani ni neno kubwa.

Wala aina hizi hazikuwekwa ili kuwasumbua wanafunzi. Lugha ya B, aliyoitunga Ken Thompson pale kwenye maabara ya Bell Labs, haikuwa na aina. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine. Ilipokuja mashine ya PDP-11, ambayo iliweza kufikia baiti moja moja, utaratibu huo ukawa mzito hasa kwa kushughulikia herufi. Dennis Ritchie akaongeza aina, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 B ikawa C. char na int ni mtoto wa tatizo la mashine halisi.

Asili hiyo imetuachia urithi mmoja mbaya: C haisemi int ni biti 32. Inasema isipungue 16. long isipungue 32, long long isipungue 64. Basi. Ukienda kwenye maabara yenye kompaila za zama za MS-DOS kama Turbo C, na bado zipo, int ni biti 16 na mwisho wake ni 32,767. Noti moja tu ya shilingi 50,000 haiingii, inageuka -15,536. Hata leo, kwenye Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kielektroniki, int ni biti 16. Na long? Kwenye Linux ya biti 64 ni biti 64, kwenye Windows ya biti 64 ni 32. Programu ile ile, ukiiandika kwenye laptopu yako yenye Ubuntu na kuipeleka kwenye kompyuta ya mjomba yenye Windows, inaweza kuvunjika bila wewe kugusa herufi. Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa sina simile: kwa fedha sahau int, sahau long. Tumia `int64_t` kutoka `stdint.h`, ambayo ipo tangu C ya mwaka 1999. Jina lenyewe linataja ukubwa na halibadiliki ukihama mashine. Mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Bajeti ya taifa letu ya mwaka wa fedha 2024/25, trilioni 72 na ushei, ingeingia humo zaidi ya mara laki moja. Kahawa ya mjomba itapata nafasi.

Tuje kwa rafiki yako na float yake. Alikupa panadoli ya kutuliza jino lililooza. float nayo ni biti 32, zile zile. Haikupewa biti za bure. Inachofanya ni kuzigawa tofauti: moja ya alama, nane za kuonyesha ukubwa, na 23 za tarakimu zenyewe, ambazo kwa ujanja mmoja huhesabika kama 24. Kwa hiyo inafika mbali sana, lakini kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyorusha hatua. Hadi 16,777,216 inaweza kushika kila namba kamili. Baada ya hapo inakwenda kwa hatua za mbili mbili: 16,777,217 haipo kabisa ndani ya float. Kwenye bilioni mbili na nusu, hatua imekuwa 256.

Jaribu mwenyewe. Weka 2,500,000,000 kwenye float, ongeza 100. Jibu: 2,500,000,000. Mia imepotea kwa sababu iko karibu zaidi na hatua ya nyuma kuliko ya mbele. Ongeza 200 badala yake na utapata 2,500,000,256, yaani shilingi 56 ambazo hakuna mtu aliyelipa. Wakiingizwa wanachama elfu kumi, kila mmoja na shilingi 100 yake, milioni nzima inayeyuka bila ujumbe wowote wa kosa. Ukipeleka hesabu kama hiyo kwenye mkutano mkuu wa chama, wazee hawatauliza habari ya biti. Watauliza nani amekula.

double ni afadhali mbali, ina biti 64 na inashika kila namba kamili hadi 9,007,199,254,740,992. Kwa shilingi nzima nzima isingekuangusha. Shida inakuja ukianza vipande. Sehemu ya kumi, 0.1, haina mwisho ikiandikwa kwa mfumo wa mbili, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho kwenye mfumo wetu wa kumi: 0.333 na kuendelea. Kwa hiyo `0.1 + 0.2 == 0.3` kwenye double inatoa jibu la uongo. Mizani ya chama inapima sehemu za kilo, na hapo ndipo utaingia mtegoni. Usihifadhi kilo 12.3, hifadhi gramu 12,300 kama namba kamili, na ugawe kwa 1,000 mwishoni. Shilingi ya Uganda haina senti zinazotumika. Hata kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, UGX imeandikwa kuwa na desimali sifuri. Tuna bahati hiyo, tuitumie. double iweke kwa wastani wa mavuno, halijoto na takwimu, vitu ambavyo asili yake ni makadirio.

Ukigawanya kuwa macho. Namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, C inatupa kilichobaki: 5/2 ni 2. Sasa mjomba akisema chama kinakata asilimia 2, nawe ukaandika `jumla * (2 / 100)`, kwanza 2/100 inakuwa sifuri, halafu jumla mara sifuri. Chama hakikati kitu na wakulima watakupenda kwa wiki moja. Andika `jumla * 2 / 100`: zidisha kwanza, gawa baadaye. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka nafasi pana, maana jibu la katikati huwa kubwa kuliko la mwisho.

Utakutana na mtu atakayekushauri unsigned, aina isiyo na hasi, kwa hoja kwamba kilo haziwezi kuwa chini ya sifuri. Hoja inavutia. Nami iliniteka. Zamani niliandikia duka moja programu ya stoo, nikaweka hesabu ya magunia kuwa unsigned. Siku moja karani aliuza gunia moja la sukari ambalo lilikuwa halijaandikwa kuingia. Sifuri toa moja. Skrini ikaonyesha magunia 4,294,967,295. Mwenye duka aliniita, akaniuliza kwa upole kabisa sukari hiyo yote nimeilaza wapi. Ingekuwa ni aina ya kawaida angeona -1 na kuelewa papo hapo kwamba kuna karatasi haijaingizwa. Tangu hapo unsigned naitumia kwa kazi za biti tu. Hasi kwenye hesabu ya fedha ni taarifa, usiizibe mdomo.

Kosa la kumimina kikubwa kwenye kidogo halina adabu hata kwa wakubwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, safari yake ya kwanza, na haikumaliza dakika moja. Programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, ilijaribu kuhamisha namba ya desimali ya biti 64 kwenye namba kamili ya biti 16. Haikuingia. Mashine ya akiba ya kuongoza ikazima, ile kuu nayo ikazima kwa sababu ile ile, roketi ikapinda na kulipuka. Sehemu hiyo ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kufikisha namba kubwa kiasi hicho.

Nakisia rejista yako itahitaji pia simu na vitambulisho vya wanachama. Hapa kanuni yangu ni rahisi: kitu usichokusudia kukijumlisha si namba, hata kikiwa na tarakimu tupu. Namba ya simu ikiwa int inapoteza sifuri ya mbele, na ukiiandika kwa msimbo wa Uganda, 256, haiingii kwenye biti 32. Kuna kichekesho cha ziada: ndani ya C, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa mfumo wa nane. Andika `int n = 0772;` uichapishe, utapata 506. Andika `0782` na kompaila itakataa kabisa, kwa kuwa mfumo wa nane hauna tarakimu 8. Simu iwe mfuatano wa char. NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, vivyo hivyo, nayo ina herufi ndani yake hata hivyo. Ni alama 14, kwa hiyo tangaza `char nin[15]`. Ile ya kumi na tano ni ya sifuri ambayo C huiweka kuonyesha mwisho.

char yenyewe ni baiti moja, na kwa kweli ni namba ndogo: 'A' ni 65, na 'A' + 1 ni 'B'. Usidhani char moja ni herufi moja, hasa hapa kwetu. Herufi ŋ ya Kiganda inachukua baiti mbili kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta. Neno eŋŋaano lina herufi saba, lakini `strlen`, inayohesabu baiti, itakuambia tisa. Majina ya wanachama yape nafasi ya ziada, la sivyo utamkata mtu jina katikati ya herufi. Kwa ndiyo na hapana, mathalani amelipwa au hajalipwa, tumia bool kutoka `stdbool.h`. Hapo hakuna hadithi.

Hii ndiyo hesabu yako, nikiiandika mimi:

    #include <stdio.h>
    #include <inttypes.h>

    int main(void) {
        int64_t gramu = 250000000;
        int64_t bei = 10000;
        int64_t jumla = gramu * bei / 1000;
        printf("%" PRId64 "\n", jumla);
        return 0;
    }

Hiyo `"%" PRId64` inakaa badala ya `%d`, nayo inatoka `inttypes.h`, ambayo huleta na `stdint.h`. Usiiache, kwa sababu printf haijui aina uliyoipa. Inaamini ulichoandika kwenye maneno ya kuchapisha, na ukiandika `%d` huenda ukaona tena namba ya ajabu huku hesabu yenyewe ni sahihi. Inapaswa kutoka 2500000000. Kisha chukua daftari la mjomba la msimu uliopita, ingiza ukurasa mmoja wa kweli wenye kilo za vipande, na ulinganishe na jumla aliyoipiga yeye kwa kikokotoo. Bei ikiwa kama 9,450 kwa kilo huenda ukakuta tofauti ya shilingi moja hapa na pale, kwa sababu ya kile kinachotupwa kwenye kugawanya kwa 1,000. Hapo swali si la C tena. Muulize mjomba chama kimekubaliana vipande hivyo viende kwa nani, kisha uandike hivyo.